Ukuta Katika Sinia

Jumatano, 20 Aprili 1955

Barua imefika. Dada Mwanne anarudi Jumamosi. Miaka sita kwenye kambi ya wakoma, kule mbele ya Kaliua, njia ya Mpanda — na sasa daktari anasema amepona. Kaka Abasi alitusomea barua ukumbini mara mbili, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la bomani. Mama alilia. Wifi Maua akasema alhamdulillahi, kisha akamwinua mwanawe kwenye mkeka na kumpakata.

Na mimi? Nilisema Mungu mkubwa. Halafu nikaenda uani kunawa mikono. Barua yenyewe sikuwa nimeigusa!

Najichukia nikiandika haya. Ndiyo maana nayaandika kwenye daftari hili linalokaa chini ya cherehani, ambako hafagii mtu ila mimi.

Kinyaa changu kinajulikana mtaa mzima wa Isevya. Sinywi kikombe kimoja na mtu. Unywele mmoja kwenye mchuzi, nimeshiba. Mume wangu aliponiacha mwaka juzi alimpa kadhi sababu nne, lakini ya kweli ilikuwa ya tano: nilimwambia anakula kama fisi. Naye alikuwa anakula kama fisi.

Lakini hili la Dada si kinyaa tu. Ni hofu. Nazijua tofauti. Kinyaa kinakaa kooni. Hofu inakaa mikononi.

Jumamosi, 23 Aprili

Tulikwenda stesheni wote. Alishuka behewa la mwisho, na Justus, dresa wa kambini, yule anayefunga vidonda, amembebea sanduku. Amenenepa kidogo. Uso ni ule ule, ila nyusi zimepungua. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho na cha pete vimekunjika na havinyooki. Basi. Ni hivyo tu! Nilikuwa nimejitayarisha kuona jitu.

Mama alimkumbatia, lakini kwanza alijifunika kanga mbili mikononi. Mimi nilimwamkia shikamoo kutoka hatua tatu. Alisema marahaba mdogo wangu, na kabla sijajua niuweke wapi mkono wangu, yeye ameshauficha wake chini ya kanga. Haraka sana. Amezoea.

Justus alimpa Kaka Abasi cheti chenye muhuri. Akaeleza pale pale kwamba ugonjwa umekwisha, vidonge vimeua wadudu wote, vidole ni kovu tu na kovu haliambukizi mtu. Tulitikisa vichwa kama darasa la kwanza.

Alasiri majirani walikuja kumpa pole. Nilichemsha chai ya tangawizi. Walikaa, wakasifu Mungu, wakamwambia Dada amependeza. Walipoondoka nilikusanya vikombe vitano. Vimejaa mpaka juu! Kimoja hata nzi alikuwa ameshazama. Nikavimwaga uani nikiwatukana kwa jina, mmoja mmoja.

Kisha nikachukua kikombe cha Dada, alichokunywa hadi mwisho. Nikakishika kwa ncha ya kanga.

Mwezi umeandama. Kesho kufunga.

Jumapili, 24 Aprili

Mama amenunua sahani mpya. Ya bati, nyeupe, na maua mekundu pembeni. Ya Mwanne, anasema. Ya heshima, kwa kuwa ni mgeni.

Wakati wa futari sisi watatu — Mama, Maua na mimi — tulikaa kwenye sinia kama kawaida. Kaka Abasi hula barazani na wanaume. Dada akawekewa sahani yake kwenye mkeka mwingine, eti apate nafasi ya kunyoosha miguu. Mama alipomnawisha, aliliinua birika juu juu na kumimina kama anamwagilia mchicha.

Dada alisema ahsante Mama. Akala taratibu, amegeukia ukuta.

Baadaye Mama aliiosha sahani ile kwa maji ya moto. Kisha jivu. Kisha maji ya moto tena. Akaitundika kwenye msumari wake peke yake. Heshima! Niliitazama sahani ile na maua yake.

Halafu nikajiuliza: Batuli, wewe ungekaa naye? Nikajijibu sitaki kujibu.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimekumbuka karanga.

Nilikuwa na miaka saba. Kulikuwa na bibi mmoja mkoma akikaa njiani kuelekea soko, akiuza karanga za kukaanga kwenye ungo. Hakuna aliyenunua. Siku moja aliniita akanipa chache, bure, kwenye kiganja. Nilikuwa ninatafuna Mama aliponikuta. Alinitia vidole mdomoni mpaka nikatapika. Nyumbani alinisugua mikono kwa mchanga na jivu hadi damu ikatoka, na gauni langu akalichoma moto. Alikuwa analia huku ananisugua. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya maumivu.

Yule bibi hakunifanya kitu. Karanga zilikuwa tamu. Nilifundishwa na jivu la Mama. Na somo la siku moja limedumu miaka kumi na tisa. Laiti kama hesabu za shuleni zingenikaa hivyo!

Cheti cha daktari kiko kwenye sanduku la msahafu. Nimekisoma mara tatu. Macho yangu yanasoma vizuri. Mikono yangu haijui kusoma.

Jumatano, 27 Aprili

Nimewasikia uani. Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka, Dada anamchambulia majani ya milala. Dada alikuwa anasema pole pole, bila hasira, kwamba kitanda chake kambini kimewekwa mpaka Idd. Baada ya hapo anapewa mwingine. Kule anakula sinia moja na Imakulata, mwanamke wa Urambo, Mkristo, anacheka sana, na wengine wanne. Akasema:

"Mama, sikulaumu. Lakini ikifika Idd hakuna anayekula nami, nitarudi. Siwezi kuzeeka na sahani."

Mama akasema mbona anakula, nani amemnyima chakula? Dada akavuta jani jingine. Mama akaendelea kusuka. Nilipotazama baadaye ule ukili, alikuwa ameukosea, milia imekwenda kombo, na hajaufumua.

Dada alinifundisha kushona. Alipoachwa na mumewe, aliyeliona doa la ukoma kwanza, alilificha kwetu mwaka mzima chini ya kanga — mficha maradhi kilio humfichua — na katika mwaka huo alinifundisha kila kitu: kukata, kupiga pindo, kutengeneza tundu la kifungo. Nakula kwa kazi yake. Naye anakula ukutani.

Ptuu!

Ijumaa, 29 Aprili

Nimeificha sahani. Iko ndani ya gunia la vitambaa.

Mama aliitafuta mpaka adhana ikalia. Mimi nikasema, imepotea basi, tukae wote, chakula kinapoa. Maua akasema mtoto analia. Mtoto alikuwa amelala fofofo! Akajipakulia kwenye bakuli akaenda chumbani. Mama akakaa mbali upande wa mlango. Mimi nikakaa kushoto kwa Dada.

Lazima niandike jambo la sinia, maana kesho nitajidanganya. Adabu ni kula mbele yako. Wewe unachimba kwako, mwenzako anachimba kwake, na katikati yenu unabaki ukuta wa wali. Kadiri mnavyokula ukuta unakonda. Mwishowe unaanguka na vidole vinakutana. Watu wanaopendana hawauoni kamwe. Mimi leo sikuona kitu kingine.

Nilikula matonge manne. Moyo ulidunda hadi masikioni. Ukuta ulibaki mpana kama kiganja. Nilipoinuka nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Kimya kimya, nimejaza kanga mdomoni.

Naye Dada? Alikula matonge matatu. Alikuwa anachimba mbali nami, akijibana upande ule.

Jumamosi, 30 Aprili

Matonge sita. Sikutapika. Nimepata dawa: ndimu. Naificha nusu ndani ya upindo wa kanga, na baada ya kula nasugua vidole kabla sijanawa. Inawasha vizuri. Nasikia usafi unaingia.

Jumatatu, 2 Mei

Moyo bado unadunda, lakini leo ulitulia nilipofika jikoni. Juzi ulitulia usiku. Naandika kama daktari! Mama haongei na mimi. Anajua sahani iko wapi, nadhani. Haiulizi.

Kaka Abasi anakionyesha cheti kwa kila mtu barazani. Dada yangu amepona, tazameni muhuri. Lakini kikombe chake mwenyewe amekihamishia chumbani. Nimekiona juu ya kabati. Mwanaume mzima, na ndevu!

Jumatano, 4 Mei

Ukuta wa vidole vitatu. Dada amenisimulia habari za Imakulata — walivyomwibia mpishi kuku siku ya Krismasi. Nilicheka na mdomo umejaa. Nilipocheka nilisahau kuogopa, kama dakika moja. Kisha nikakumbuka, nikashika ndimu.

Ijumaa, 6 Mei

Ndimu zimekwisha! Nimegundua adhana imeshaanza. Nikatafuta kapuni, nikatafuta kwa Maua. Hakuna. Nilikaa kwenye sinia natetemeka kama siku ya kwanza. Wiki nzima nimekula na dada yangu, na leo natetemeka kwa kukosa tunda!

Nikaelewa. Hofu haijapungua hata chembe. Kila siku nilipoamka mzima, mkono wangu ulisema: ahsante ndimu. Haukusema: kumbe hakuna hatari. Nimeilisha hofu kwa siku sita na kuipa na kachumbari.

Nikala bila ndimu. Ilikuwa vibaya sana. Nilikaa pale pale, sikuinuka. Nilikaa mpaka moyo ukachoka wenyewe.

Jumapili, 8 Mei

Bila ndimu, siku ya tatu. Ukuta wa kidole kimoja. Moyo umetulia nikiwa bado nakula! Niliona kabisa unavyoshuka, kama sufuria iliyoondolewa motoni.

Jumatatu, 9 Mei

Siku zangu zimeanza. Sifungi. Nimekula mchana jikoni. Futari sikukaa, nilisema nimeshiba.

Jumamosi, 14 Mei

Aibu. Sikuandika kwa kuwa ni aibu. Siku zangu ziliisha Alhamisi lakini kutoka Jumatatu hadi jana sikukaa kwenye sinia hata mara moja. Kukaa ningeweza, nani angenikataza? Nilijificha nyuma ya siku zangu kama mtoto nyuma ya mlango. Na Mama — mwenyewe nilimwona — alimpakulia Dada kwenye sahani. Amelifukua gunia langu. Nami nikanyamaza, kwa sababu moyoni nilipumua.

Leo nimerudi. Sahani nimeipeleka kwa kuku, wanywee maji. Nikakaa. Na hofu yote ilikuwa pale pale inanisubiri, imekunja miguu! Mikono baridi. Kana kwamba sikuwahi kula naye hata siku moja. Ukuta wa kiganja.

Nilitaka kulia kwa hasira. Dada aliona. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kambini, wageni wakija mwezi, wakikosa mwezi, wakija tena, wanaanza upya. Lakini safari ya pili huwa fupi.

Jumatatu, 16 Mei

Ni kweli. Siku tatu tu, nimerudi kwenye kidole kimoja. Mara ya kwanza zilinichukua kumi.

Jumanne, 17 Mei

Nguo za Idd zimenielemea. Magauni manane, kanzu mbili. Dada amekuja kunisaidia vifungo. Sikumwomba. Alikaa tu, akavuta kanzu ya mteja wangu, Mzee Mabruki, akatunga uzi.

Nilikuwa nakanyaga cherehani. Nilipogeuka niliona tone jekundu kwenye kanzu nyeupe. Kisha la pili. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole chake cha pete, imetokea upande wa pili, naye anaendelea kushona! Hasikii. Anazungumza habari za mchele mpya.

Nilisema Dada, kidole. Akatazama. Akasema loo, samahani, nimekuharibia kazi. Akajaribu kuichomoa kwa kushoto ikawa inateleza.

Nikamshika mkono. Huo huo. Nikaubana kwa viganja vyangu viwili, nikaivuta sindano, nikakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha bafta. Ngozi yake ni ya moto na kavu. Mkono wa mtu. Sikukimbilia maji. Nilihesabu matundu ya vifungo ya kanzu nzima kwanza, kisha ya kanzu ya pili, na nilipomaliza sikuwa na haja tena ya maji.

Aliniambia kule waliwafundisha kuikagua mikono kila jioni kwa macho, kidole kwa kidole, kwa kuwa haisemi yenyewe ikiumia. Nikafikiri, yangu ndiyo inayosema uongo. Yake imenyamaza tu.

Mzee Mabruki nitamwambia ni damu yangu.

Leo ukuta umeanguka. Vidole vyetu vilikutana juu ya wali. Yeye ndiye aliyeurudisha mkono kwanza, kwa kushtuka. Kumbe naye ana hofu yake! Amefundishwa miaka sita kwamba kila anayemgusa atajuta. Nikaufuata mkono wake mpaka upande wake wa sinia, kinyume cha adabu zote, nikachota mbele yake. Akacheka. Akasema, "Batuli, umekuwa fisi sasa."

Ijumaa, 20 Mei

Nimefanya ujinga. Mungu anisamehe.

Siku tatu nilikuwa natembea na kiburi. Nilijiona shujaa. Na kila nikimtazama Mama kule mlangoni, amejikunja, anachota pembe yake ya sinia, nilikuwa napandwa na hasira. Mama mzazi! Mimi mdogo wake tu nimeweza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia asubuhi, na ulimi wangu mrefu. Akaniuliza nani anamla. Nikarudi kwenye cherehani.

Jioni Dada alikuwa amefinyanga tonge la wali na samaki. Mimi nikalichukua mkononi mwake. Nikasema, Mama, tazama. Nikamwekea mdomoni. Nilimwekea kwa nguvu! Nilimshika kidevu.

Alitapika pale pale. Juu ya mkeka, juu ya sinia, mbele ya Dada. Alikuwa anajaribu kuzuia kwa mikono miwili na ilikuwa inapita kati ya vidole. Macho yake! Nayajua macho hayo — yalikuwa yangu, siku ya karanga. Nimemfanyia Mama kile kile alichonifanyia mimi.

Dada aliinuka akaleta maji. Alimwoshea Mama mkeka lakini hakumgusa. Kisha akaenda chumbani. Nilisikia sanduku linafunguliwa.

Jumamosi, 21 Mei

Dada amepanga nguo zake. Kaka Abasi amekwenda stesheni kuulizia, treni ya Kaliua ipo Jumanne jioni, huenda siku yenyewe ya Idd. Alirudi na uso wa huzuni na mwendo mwepesi. Nilitaka kumrushia pasi.

Nilikwenda kumwomba Mama radhi. Alikuwa anafumua ule ukili uliokwenda kombo. Nilipiga magoti. Aliendelea kufumua, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema.

Mama mdogo wake alikuwa mkoma. Walimjengea kibanda peke yake kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji, mbali na watu. Mama alikuwa na miaka minane. Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula. Aliambiwa: weka bakuli kwenye jiwe, kimbia, usigeuke. Akikawia anapigwa. Alifanya hivyo misimu miwili ya mvua. Siku moja bakuli la jana lilikuwa bado limejaa, na mchwa wameingia. Akaweka la pili kando yake, akakimbia. Na la tatu.

"Sikugeuka," Mama alisema. "Mpaka leo sijui alikuwa na mikono ya namna gani."

Mimi nilimwambia kwamba hofu inakimbia ukikaa. Akasema anajua, ameniona. Amenihesabia siku, tangu ile ya sahani. Lakini usinishike kidevu, alisema. Nitakwenda kwa miguu yangu.

Jumapili, 22 Mei

Mama amesogea. Hakusema kitu. Ameiacha pembe ya mlango na kukaa mkono wa kulia wa Dada. Ukuta kati yao ulikuwa mnene kama tofali. Alikula tonge moja. Akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka puani, kanga ya kichwani imelowa. Hakuinuka mpaka sinia lilipoondolewa.

Dada hakumtazama. Alikula kwa utulivu kama mtu anayelisha njiwa na hataki aruke.

Baadaye nilimwuliza kama atafungua sanduku. Akasema tonge moja ni tonge moja. Idd ni keshokutwa, na siku ya Idd kutakuwa na watu. Mbele ya watu ndiyo nataka kuona, alisema. Ndani kila mtu ni mwema.

Wengine wanadai mwezi umeonekana Ujiji. Hapa hatujauona. Tunafunga kesho.

Jumatatu, 23 Mei

Mama matonge matatu. Ukuta wa viganja viwili. Maua ametoka chumbani, amekaa mlangoni na bakuli lake, anatazama. Mtoto ametambaa hadi kwa Dada na kumshika mguu. Maua aliinuka nusu. Kisha akakaa. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kinyesi.

Mwezi umeandama, mwembamba, juu ya paa la jirani. Nimemaliza magauni. Sanduku la Dada liko mlangoni.

Jumanne, 24 Mei — Idd

Naandika jikoni, nimeketi juu ya gunia la mkaa, upesi.

Wanaume wamerudi msikitini, wako barazani. Sisi ukumbini: Mama, Dada, mimi, na majirani watatu — kati ya wale wale wa vikombe! Maua anapakua. Pilau ya mbuzi, sinia kubwa la shaba. Mmoja wa majirani ameshasema amekula kwa binti yake, ameshiba pomoni. Ameketi mbali anajipepea. Wawili wameuvuta ukingo wa sinia kwao, kana kwamba pilau itakimbia.

Na mimi! Nilidhani nimemaliza. Niliponyoosha mkono, macho ya wale watatu yakaufuata, na moyo ukaanza. Ule ule! Mikono baridi. Kwa siku saba nimekula na dada yangu bila wazo, na leo kwa kutazamwa na wanawake watatu wanafiki nimerudi Aprili. Kumbe nilijifunza ndani ya nyumba ya watu wanne tu. Mbele za watu sijajifunza bado. Nikajichukia, nikatia mkono hivyo hivyo. Nikachota upande wa Dada. Nikatafuna. Nikatafuna tena. Moyo ukashuka kidogo.

Jirani mmoja akatia mkono. Upande wake, mbali, lakini akatia.

Mama amekaa mkono wa kulia wa Dada. Alikula tonge, akala la pili. Ukuta kati yao ulikuwa unakonda, na mimi nilikuwa nauona, na Dada alikuwa anauona, naye Mama hakuona kitu kingine. Ukafika vidole vitatu. Viwili. Majirani wameacha kuzungumza. Hapo mkono wa Mama ukasimama hewani. Jasho puani. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Batuli, niletee ndimu."

Jirani akadakia, ndiyo, pilau na ndimu ni jambo zuri.

Nimekuja jikoni. Ndimu zipo. Tatu, kapuni, nilizinunua mwenyewe kwa ajili ya kachumbari. Nikizipeleka, Mama atasugua vidole, atakula, Dada ataona mama yake anajisafisha kwa sababu yake mbele ya watu. Na kesho mkono wa Mama utasema ahsante ndimu. Nikisema hazipo, ataweza? Au atainuka, na saa kumi na moja treni inaondoka?

Nimekaa hapa muda mrefu kupita kiasi. Nazitazama ndimu kama mjinga. Harufu yake imejaa jiko zima.

Mama ameita tena.

Sasa ni Dada anayeita, hapo ukumbini, hana haraka, kila mtu anasikia:

"Mletee Mama, Batuli. Hata wewe ulianza nayo."

Alijua! Wiki nzima ile, nusu yangu ya ndimu ndani ya upindo wa kanga, na yeye anakula kando yangu na anaisikia harufu, na hakusema neno.

Kisu hiki hapa. Nakata moja. Sanduku naliona kutoka hapa, bado limefungwa kamba. Ukumbini hakuna anayezungumza, na sijui mkono wa Mama uko wapi —